Duka la Ngozi Laini

Mimi nauza ngozi nzuri. Si ya ng'ombe, ya watu. Duka langu liko Tunduma, hatua chache kutoka barabara ya malori, na ndani yake kuna losheni, sabuni, glisirini, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, na krimu zenye picha za wanawake ambao vumbi la Tunduma halijawahi kuwagusa hata siku moja. Paka hii wiki mbili, huwa nawaambia wateja, hata mumeo atakuuliza wewe ni nani. Nimesema maneno hayo miaka kumi bila kucheka, na watu wamenunua.

Mungu naye, kwa kuwa anapenda utani, akanipa binti mwenye ngozi ambayo hakuna krimu dukani mwangu inayoiweza.

Ngozi yake ni kavu na nene, imepasuka vipande vipande tangu utosini mpaka nyayo. Ni magamba ya rangi ya kahawia yanayobanduka na kuota upya kila siku. Asubuhi nikitandua kitanda chake nakung'uta shuka nje, na majirani wanaangalia pembeni kwa heshima. Kope zake zimevutwa na ukavu huo, hazifungi mpaka mwisho, hivyo analala macho yakiwa nusu wazi. Mgeni akimkuta amelala atamsalimia. Na hatoki jasho. Hilo la jasho ndilo kubwa kuliko yote, ila kwa kuwa halionekani, hakuna aliyewahi kunipa pole kwa ajili yake.

Alizaliwa amebanwa na utando unaong'aa, kama mtu aliyefungwa kwenye nailoni. Muuguzi aliyenizalisha alimtazama mtoto, akanitazama mimi, halafu akakumbuka kwamba ana kazi wodi nyingine. Sikumwona tena. Nilikaa na mtoto kifuani, naogopa kumshika na naogopa kumwacha, mpaka walipopatikana watu wa kutupeleka Mbeya.

Huko Mbeya daktari mmoja kijana alimshika mwanangu bila glavu. Namkumbuka kwa hilo hata leo. Alitueleza mimi na mume wangu kwamba ni ugonjwa wa kurithi, nadra sana, na kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameubeba mwilini bila kujua, ukakutana kwa mtoto. Hauambukizi na hauponi. Tumwogeshe kila siku, tumpake mafuta ya mgando mara nyingi kadiri tunavyoweza, na tusimweke kwenye joto, kwa sababu mwili wake hauna njia ya kujipoza. "Joto linaweza kumuua," alisema taratibu, akatuangalia mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Tulisikia. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari.

Dawa yenyewe, kwa hiyo, ni mafuta ya mgando. Yale ya kopo kubwa, yasiyo na harufu wala picha ya mwanamke, ambayo dukani kwangu yanakaa rafu ya chini kabisa karibu na sumu ya panya.

Tuliporudi, familia mbili zikakaa kikao. Upande wa mume wangu ni Wanyiha wa Nanyala, watu wa kahawa na kanisa. Upande wangu ni Wanamwanga, nusu yetu huku na nusu yetu ng'ambo ya mpaka. Tulieleza maneno ya daktari, kwamba imetoka pande zote mbili. Baba mkwe akakohoa, akasema kwao jambo kama hilo halipo. Mjomba wangu naye akasema kwetu halijawahi kuwepo. Wakakubaliana vizuri sana. Mwanangu akawa kama mzigo uliokutwa forodhani hauna makaratasi, kila mtu anaapa si wake.

Waliobaki wakatafuta sababu. Jirani yangu muuza mitumba alisema nilipokuwa na mimba nilikula mno samaki wa Rukwa, na magamba ndiyo hayo. Wilaya nzima inakula samaki wa Rukwa, lakini inaonekana wengine walijua namna ya kuwatafuna. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama niliwahi kumkanyaga nyoka. Mwingine alinishauri nimwombee usiku wa manane, saa ambazo mimi huwa naamka kumpaka mtoto mafuta, kwa hiyo nikamwambia tayari tuko macho wote, Mungu akitaka kupita atatukuta.

Alipofika umri wa chekechea nilimpeleka shule. Mwalimu alikuwa mpole. Alisema yeye hana tatizo, ila wazazi wengine wameuliza, basi mtoto asubiri kidogo, akipona aje. Nilimwambia haponi. Akafikiri, akasema basi asubiri tu.

Hapo mume wangu, ambaye kazi yake ni kuhangaikia nyaraka za malori ya wenzake, akaona nyaraka za mwanawe pia zimekwama. Akasema mtoto aende Nanyala kwa bibi yake. Kuna baridi, kuna kivuli, na bibi anampenda. Yote matatu yalikuwa kweli. Mama mkwe wangu anampenda mjukuu huyu kuliko wajukuu wengine wote, ndiyo maana ilibaki kidogo amuue kabla yangu.

Maana mama mkwe ni mkulima wa kahawa. Amelima tangu akiwa msichana, na kwake kitu chochote kinachokauka, kinachopukutika na kuwa na madoa ya kahawia kina jina na kina dawa. Alimwangalia mjukuu wake wiki mbili, akageuza mikono yake juu chini kama anavyogeuza majani, akaona kumbe madaktari wanahangaika na kitu kidogo. Akachukua mrututu, ile dawa ya bluu wanayopulizia mibuni, akaukoroga kwenye beseni, akamwogesha.

Nilipofika, baada ya kupigiwa simu na shemeji, nilimkuta mwanangu ameketi kwenye mkeka ana rangi ya samawati kwenye kila mpasuko, analia kwa sauti iliyochoka. Mama mkwe alikuwa pembeni yake, naye analia.

"Mwanangu, niliweka kidogo sana," aliniambia. "Niliweka kipimo cha miche."

Aliweka kipimo cha miche kwa sababu mtoto ni mdogo. Alikuwa amefikiria. Nilimsuuza mtoto kwa maji safi mpaka mikono yangu ikafa ganzi, nikampaka mafuta, nikamfunga mgongoni, nikarudi naye Tunduma. Kwa mama mkwe nilisema ahsante kwa kumtunza.

Basi akawa anashinda dukani kwangu. Na hapa ndipo inabidi niache kuwasema wengine.

Biashara yangu ina utaratibu wake. Mteja haamini kopo, anaamini muuzaji. Akiuliza krimu, unaifungua, unajipaka mkononi mwako mwenyewe, unamnyooshea aone inavyoingia, halafu unampaka na yeye nyuma ya kiganja. Mkono wangu wa kushoto ndio bango la duka. Nautunza kuliko uso. Sasa fikiria mteja ananyooshewa mkono huo laini, na nyuma yake, kwenye kigoda, ameketi mtoto ambaye wazi kabisa ni wa muuzaji.

Wiki ya kwanza mwanamke mmoja aliyekuja na shoga yake alinitazama, akamtazama mtoto, akauliza bila ubaya wowote, "Dada, na huyu mbona hujampaka?" Kisha wakaondoka wakisema watarudi. Hawakurudi. Wa pili hakuuliza hata swali.

Nyuma ya duka kulikuwa na pazia zito. Nililiweka siku nyingi kabla mtoto hajaja, kwa ajili ya krimu kali za kuchubua, zile zilizopigwa marufuku ambazo wateja wa ng'ambo huziulizia kwa sauti ya chini. Wakaguzi wakipita, pazia limeshuka mpaka sakafuni, halipitishi hata mwanga. Nilihamisha katoni mbili, nikaweka kigoda. Kuanzia hapo nyuma ya pazia langu kulikuwa na vitu viwili visivyotakiwa kuonekana. Kimoja kinachuna ngozi za watu, na kingine ni mwanangu.

Nilimwambia ni mchezo. Mteja akija, unapita nyuma, unakaa kimya, mteja asijue kama upo. Akiondoka unatoka. Alikuwa na miaka sita, akaupenda. Baada ya siku chache hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anasikia ndala za mteja kabla yangu, anateleza nyuma ya pazia hata kikombe chake cha uji kikiwa bado cha moto. Mume wangu alikuja mchana mmoja akaliona hilo. Alisimama kidogo mlangoni, akasema, "Angalau yuko karibu na wewe." Nikasema ndiyo. Wote wawili tukaridhika na jibu hilo, na nina hakika wote wawili tulijua.

Mwezi wa kumi Tunduma hujisahau. Baridi yetu tunayojivunia huondoka, jua linakaa juu ya bati, vumbi linatanda, na malori yanawaka injini barabarani yakisubiri kuvuka. Siku hiyo ilikuwa saa sita mchana alipokuja mteja wangu mkubwa kutoka ng'ambo, mama mwenye duka lake upande wa Zambia, mnene, mcheshi, mgumu wa bei. Tunaitana mayo, yaani mama, yeye na mimi, kama wanavyoitana akina mama wa kule.

"Mayo, leo uniuzie vizuri," alisema, akaketi kwenye kiti changu.

Mtoto alikuwa ameshapita nyuma ya pazia. Tukaanza. Mteja huyu hanunui kwa haraka. Ananusa kila sabuni, anafungua kila kopo, anasimulia harusi ya mpwa wake, anarudi kwenye bei, anakasirika, anacheka. Nilijipaka krimu tano mkononi. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, nilikuwa na furaha kweli, kwa sababu alikuwa anachukua katoni na si kopo moja moja.

Akaulizia ile ya pazia. Nilikwenda nyuma, nikainua pembe ya pazia, na hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya moto. Mwanangu alikuwa ameketi ameegemea katoni, macho yake wazi, ananitazama. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha anyamaze kidogo tu, tunakaribia kumaliza. Hakujibu, hakusogea. Nikafikiri, mtoto mtiifu namna gani. Nikavuta katoni iliyokuwa miguuni kwake, nikashusha pazia.

Nilirudi, nikaendelea kuuza.

Sijui zilipita dakika ngapi. Mteja aliongeza katoni nyingine, nikarudi nyuma, nikainua pazia, na mwanangu alikuwa vilevile. Kichwa upande uleule. Macho yaleyale nusu wazi, yale ambayo hayafungi hata akilala, ambayo mimi mama yake nayajua kuliko mtu yeyote duniani. Nikamgusa shingo. Alikuwa wa moto kama sufuria iliyoteremshwa jikoni sasa hivi, na mkavu.

Nilimwita. Nilimvuta kifuani, na miguu yake ikaburuta. Nilitoka naye mbele ya kaunta, nikasimama katikati ya duka langu lenye kila aina ya mafuta, nikagundua sina maji. Jagi lilikuwa tupu. Nilifungua chupa ya losheni, nikaanza kummwagia. Ndivyo nilivyofanya, sitaficha. Nilimmwagia losheni ya maua.

Mama wa ng'ambo hakuuliza huyu ni nani wala katoka wapi. Alinipokonya mtoto, akatoka naye nje mbio, mwili wake wote ule, mpaka kwenye kivuli cha lori lililokuwa limesimama kwenye foleni. "Leteni amenshi," alimwambia dereva, na neno hilo la Kibemba hata aliyekuwa hajui aliliona usoni kwake. Dereva akashusha dumu la maji anayowekea rejeta. Mama akamvua mwanangu gauni, akammwagia maji kichwani, kifuani, mgongoni, akampepea kwa kitenge chake, akammwagia tena.

Watu wakakusanyika. Makondakta, wabadilisha fedha, wauza mayai, jirani yangu wa mitumba na majirani zake. Mtoto niliyekuwa nimemficha wateja wawili wawili, sasa alikuwa uchi katikati ya barabara ya kimataifa, na mji mzima ulimwona kila gamba. Hakuna aliyekimbia. Muuza mayai alitoa maji yake ya kunywa. Jirani yule wa samaki wa Rukwa alikuja na ndoo mbili, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kumsugua miguu. Mimi nilikuwa nimesimama, mkono wangu laini unanukia maua, sifanyi lolote.

Kisha alikohoa. Akalia kidogo, akatapika uji. Mama wa ng'ambo akaketi chini pale pale, akasema kwa Kiswahili chake, "Haya, sasa tunaenda hospitali," akanyoosha mkono bodaboda isimame.

Walimtundikia dripu, wakamfunika kanga mbichi, wakafungua madirisha. Jioni alizinduka vizuri. Mume wangu alikuwa ameshafika, amesimama upande wa miguuni, kofia mkononi. Mtoto alitutazama, akageukia mlango, akanong'ona:

"Mama, mteja ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Nilisikia joto sana. Lakini sikutoka."

Alikuwa anataka nimsifu. Nilitoka nje ya wodi, nikalia mpaka muuguzi akaniletea kiti. Nimesema mengi kuhusu watu katika habari hii, kuhusu muuguzi na mwalimu na mama mkwe na mrututu wake. Mama mkwe alikosea kwa kujaribu kumponya. Mimi daktari aliniambia joto linaweza kumuua, nikaitikia kwa kichwa, halafu nikamweka kwenye joto kwa mikono yangu ili niuze krimu. Sina utani wa kuweka hapo.

Mume wangu alinifuata. Alichuchumaa kando ya kiti changu.

"Tulimficha wote wawili," alisema. "Usijibebeshe peke yako."

Kesho yake alikwenda dukani, akang'oa pazia na vyuma vyake. Zile krimu kali alizichimbia shimo nyuma ya nyumba, na nadhani minyoo wa mtaa wetu sasa ni weupe kuliko wote nchini. Alitoboa dirisha ukutani upande wa nyuma, akaweka wavu. Alifanya vibaya, liko upande, lakini hewa inapita.

Mama wa ng'ambo alirudi baada ya siku nne. Angerudi tu, alikuwa ameacha katoni zake juu ya kaunta, na biashara ni biashara. Aliuliza kwanza hali ya mtoto, "Umwana ali shani?" Nilimwonyesha mtoto hajambo, ameketi ana kitambaa kibichi shingoni. Akamsalimia kwa kumshika mkono, akapiga magoti kidogo kama desturi, wala hakuharakisha kuuachia mkono. Halafu akageuka, akaniambia bei ya siku ile ilikuwa juu mno, na kwamba hakuwa amekubali. Nikampunguzia. Ningempa hata duka.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Shule bado tunabishana nayo. Wateja wengine wanaingia, wanamwona, wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Wengine wanauliza, nami naeleza, maneno yaleyale ya daktari, mara nne au tano kwa siku. Kigoda chake sasa kiko mbele, karibu na mlango, ambako kuna upepo. Anapenda kuhesabu malori na kusoma namba zake kwa sauti, na mara nyingi anazikosea.

Juzi alikuja bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake watatu. Watu wa namna hiyo ndio wanaolisha duka kama langu. Niliwasikia wakicheka kabla hawajafika mlangoni. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikawakaribisha, shikamoo kwa shangazi, hongera kwa binti, nikafungua krimu, nikajipaka mkononi, nikawanyooshea waone inavyoingia. Nilikuwa naongea vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya mume atakayeuliza wewe ni nani, na shangazi mkubwa alikuwa ameshaanza kutabasamu, niliposikia gauni langu linavutwa kwa nyuma.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kigoda. Sikukumbuka kusogea pale. Nilikuwa nimetanua kanga yangu kwa mkono mmoja, kama mtu anayejipepea, na mwili wangu wote ulikuwa umeziba kona ile.

"Mama, sogea," alisema mwanangu. "Sioni nje."

Nikasogea.